Usiliamini Jina la Faili

Ni nadra kupata duka la kompyuta Kisumu lisilo na diski ya programu. Pita Barabara ya Oginga Odinga, panda hadi Kondele, ingia vibanda vya jirani na soko la Kibuye: chini ya kaunta kuna diski ya nje iliyofungwa kwa raba, na ndani yake folda liitwalo Software. Humo mna setup.exe, setup(1).exe, Office_final.iso, Office_final_mpya.iso, draiva za printa ambazo hakuna akumbukaye zilikotoka, na APK chungu nzima zenye jina moja. Ukimuuliza fundi faili fulani ni la nini, hulitazama jina kisha akakujibu. Lakini jina liliandikwa na mtu, na mtu huyo huenda alikuwa na haraka, huenda alikosea, na huenda alitaka udanganyike. Mkazi wa Kisumu aliyewahi kuuziwa samaki wa kugandishwa kutoka China kwa jina la ngege wa ziwani hahitaji kuelezwa zaidi.

Ushauri wangu kwa mafundi, wenye saiba, maafisa wa kompyuta wa hospitali na wanafunzi wanaobeba programu kwa flashi ni huu: acheni kuliuliza jina, liulizeni faili lenyewe. Njia ya kufanya hivyo imo tayari ndani ya karibu kila kompyuta mnayoitengeneza, haina malipo, na bando inayolika ni ya kufungua ukurasa mmoja tu.

Njia hiyo ni heshi. Kompyuta husoma faili zima, kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho, hulikokotoa, kisha hutoa namba yenye urefu uleule kila mara, liwe faili la barua moja au la GB 6. Kwa kanuni iitwayo SHA-256, namba hiyo huandikwa kwa alama 64, zikiwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Libadilishe faili jina, lihamishe folda, lipeleke Migori na kulirudisha. Maadamu halikuharibika, heshi ni ileile. Badilisha baiti moja tu ndani yake, na namba yote inageuka, wala haifanani tena na ile ya mwanzo. Kwa hiyo watu wawili wasiojuana, mmoja Nyalenda na mwingine Berlin, wakipata heshi moja, wana faili moja, hata kama mmoja wao ameliita "picha za harusi".

Nasema SHA-256 kwa makusudi. Utakutana na ndugu zake wakubwa. MD5 ya mwaka 1992 ina alama 32; mwaka 2004 watafiti wa China wakiongozwa na Wang Xiaoyun walionyesha mafaili mawili tofauti yenye MD5 moja. SHA-1 ina alama 40. Februari 2017 kampuni ya Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam zilitoa nyaraka mbili za PDF, tofauti kwa macho, zenye SHA-1 moja. Kanuni hizo mbili bado zinafaa kutafutia faili katika orodha za zamani au kugundua faili lililokatika njiani. Ila usizitegemee pale ambapo huenda kuna mtu anayekusudia kukudanganya. SHA-256 bado haijavunjwa. Ukihesabu alama, 32, 40 au 64, utajua mara moja ni kanuni gani imetumika, hata kama aliyekutumia hakusema.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye Windows, fungua folda lenye faili, andika cmd kwenye upau wa anwani ulio juu na ubonyeze Enter. Dirisha jeusi likifunguka, andika:

certutil -hashfile setup.exe SHA256

Usisahau neno la mwisho. Ukiliacha, certutil huweza kutoa SHA-1, na watu wengi wamehangaika wakilinganisha alama 40 na alama 64 wakidhani faili limechezewa. Jambo jingine: kwenye Windows 7, ambayo bado ipo kwenye kompyuta nyingi za maofisi yetu, certutil huacha nafasi kati ya kila alama mbili. Ziondoe kabla ya kutafuta. Kwenye Windows mpya zaidi, PowerShell ina amri Get-FileHash, nayo hutoa SHA-256 bila kuombwa. Hata kulinganisha usikufanye kwa macho, iachie kompyuta:

(Get-FileHash setup.exe).Hash -eq 'bandika namba hapa'

Itajibu True au False. Herufi kubwa na ndogo hazijalishi. Kwenye Linux amri ni sha256sum ikifuatwa na jina la faili, na kwenye Mac ni shasum -a 256. Hata simu ya Android yenye Termux ina sha256sum, na hilo linamfaa fundi wa Mbita au Usenge ambaye laptopu yake iko kwa mteja.

Kupata namba ni kazi ya sekunde. Kazi ya akili inaanza unapouliza: namba hii inajulikana wapi?

Mahali pa kwanza ni kwa mwenye programu. VideoLAN huweka SHA-256 kwenye ukurasa wa kupakulia VLC. LibreOffice huichapisha kwa kila faili. Ubuntu huweka faili la SHA256SUMS kando ya ISO zake pamoja na sahihi ya kidijitali ya orodha hiyo. Microsoft huorodhesha heshi za ISO za Windows 11 kwa kila lugha. Kwa programu zinazohifadhiwa GitHub, tangu katikati ya 2025 mtandao huo huonyesha wenyewe heshi ya kila faili linalopandishwa kwenye toleo. Heshi yako ikikubaliana na ya mwenyewe, mjadala umeisha: hilo ndilo faili alilolitoa. Isipokubaliana, usilisakinishe, hata kama linafunguka vizuri na nembo yake inapendeza.

Lakini angalia umeisoma wapi namba ya mwenyewe. Tarehe 20 Februari 2016, tovuti ya Linux Mint ilivamiwa, na kiungo cha kupakulia toleo la 17.3 Cinnamon kikaelekezwa kwenye ISO iliyotiwa mlango wa nyuma. Aliyeweza kubadilisha kiungo kwenye ukurasa angeweza kubadilisha na namba iliyoandikwa chini yake. Ndiyo maana nasisitiza heshi ije kwa njia tofauti na faili. Faili umelipata kwa rafiki kupitia Xender? Heshi isome kwenye tovuti ya mtengenezaji. Faili umelipakua kwenye tovuti fulani ya kigeni isiyo ya mwenyewe? Usisome heshi iliyoandikwa hapohapo; hiyo inathibitisha tu kwamba mwizi anajua kuhesabu.

Kanuni hii ya njia mbili ina faida kubwa visiwani. Chukua zahanati ya Mfangano ambayo intaneti yake ni ya kubahatisha. Afisa wa Kisumu anapakua sasisho, analiweka kwenye flashi, flashi inasafiri kwa matatu hadi Mbita na kwa mashua hadi kisiwani, ikipitia mikono ya watu watatu au wanne. Heshi yake ni alama 64. SMS moja inabeba 160. Basi flashi ipite ziwani na namba ipite hewani. Anayeipokea flashi anakokotoa upya, analinganisha, na kabla ya kugusa seva anajua kama alichopokea ndicho kilichotumwa. Mkilazimika kusomeana namba kwa sauti kwenye simu, msiishie alama nne za kwanza na nne za mwisho. Kwa faili lililoharibika kwa bahati mbaya zinatosha, lakini mtu mwenye nia mbaya na kompyuta yenye nguvu anaweza kutafuta faili linalofanana kwenye hizo chache.

Na flashi zenyewe ni tatizo linalojitegemea. Barabarani zinauzwa flashi zilizoandikwa 64GB ambazo uwezo wake halisi hata robo haufiki. Hunakili bila kulalamika, majina yote yanaonekana, ila ndani ni takataka. Heshi inalifichua hilo, kwa sharti moja ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: baada ya kunakili, itoe flashi kwa utaratibu, ichomeke tena, ndipo ukokotoe. Usipoitoa, kompyuta huenda ikasoma nakala iliyobaki kwenye kumbukumbu yake na kukuhakikishia kitu ambacho kwenye flashi hakipo.

Ipo namba moja ambayo ningependa kila fundi aikariri, walau mwanzo wake:

e3b0c44298fc1c149afbf4c8996fb92427ae41e4649b934ca495991b7852b855

Hiyo ni SHA-256 ya faili tupu, lisilo na baiti hata moja. Stima ikikatika katikati ya kupakua, au diski ikijaa wakati wa kunakili, mara nyingine linabaki jina tu lenye ukubwa wa sifuri. Ukiona e3b0c442, usiende kutafuta virusi, huna faili. Ukiitafuta namba hiyo mtandaoni utaikuta imehusishwa na maelfu ya majina, na wapo waliotishika wakidhani wamenasa kitu kikubwa. Ya MD5 huanza na d41d8cd9, ya SHA-1 na da39a3ee.

Mara nyingi, hata hivyo, hujui mwenye programu ni nani. Una setup(3).exe, basi. Hapo ndipo panapohitajika daftari kubwa la kutafutia, na mimi huanza na VirusTotal. Huduma hii ilianzishwa Uhispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Hukusanya maoni ya programu kadhaa za kupambana na virusi mahali pamoja. Wengi wetu tunaijua kama mahali pa kupandishia faili. Usipandishe kwanza. Bonyeza sehemu ya kutafuta, bandika heshi yako, na kama faili hilo limewahi kupelekwa hapo na mtu yeyote duniani, ripoti yake inatokea papo hapo. Umetumia alama 64 badala ya MB 400 za bando. ISO kubwa hata usingeweza kuipandisha, maana kikomo ni MB 650.

Watu hukimbilia namba nyekundu iliyo juu, yaani idadi ya injini za kupambana na virusi zinazolilalamikia faili. Ukitaka kulitambua faili, nenda kwenye kichupo cha Details. Huko kuna majina yote ambayo faili hilo limewahi kuitwa, tarehe lilipoonekana mara ya kwanza, na aliyelitia sahihi kama lina sahihi. Setup(3).exe yako inaweza kujitokeza kuwa draiva halali ya printa ya Epson ya miaka kadhaa iliyopita, iliyotiwa sahihi na kampuni yenyewe. Au inaweza kujitokeza kuwa imepitia majina arobaini, leo mchezo, kesho Office, keshokutwa risiti ya benki. Faili la kweli halina haja ya majina arobaini.

Kuhusu hizo namba nyekundu, msimamo wangu ni huu. Injini moja au mbili zisizo maarufu zikilalamika peke yake, hasa juu ya programu ndogo ya wazi, huenda zimekosea. Tafuta ushahidi mwingine. Zikifika kumi na zaidi, futa, wala usibishane. Na sifuri haimaanishi salama. Sifuri kwa faili lililoonekana mara ya kwanza mwaka 2015 ina uzito. Sifuri kwa faili lililoonekana jana usiku haina.

Daftari la pili ni la NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikikusanya programu na kuhifadhi heshi za mafaili yake ili wapelelezi wanaochunguza kompyuta waweze kutenga yanayojulikana. Maktaba hiyo huitwa NSRL. Kikosi cha CIRCL cha Luxembourg kimeiweka mtandaoni pamoja na orodha za vifurushi vya Linux, na unaweza kuiuliza kwa kivinjari cha kawaida: hashlookup.circl.lu/lookup/sha256/ ikifuatwa na heshi yako. Jibu ni maandishi makavu, mepesi hata kwa mtandao wa kusuasua. SHA-256 isipopatikana, jaribu SHA-1 ya faili hilohilo, kwa sababu rekodi nyingi za zamani zilihifadhiwa hivyo. Ila soma jibu vizuri. Kuwemo NSRL maana yake faili linajulikana. Haimaanishi ni jema. NIST wenyewe wameweka humo hata zana za udukuzi.

Na lisipojulikana popote? Hapa ndipo wengi wanapopotoka. Wengine huona "halikupatikana" na kupumua, kana kwamba wameambiwa ni safi. Wengine hulifuta kwa hofu. Faili lisilojulikana linaweza kuwa programu iliyoandikwa wiki iliyopita na kijana wa LakeHub, kituo cha teknolojia cha Kisumu, au mfumo wa mapato uliotengenezwa kwa ajili ya kaunti moja. Hayo duniani hayajulikani kwa sababu hayajatoka nje. Linaweza pia kuwa faili halali lililokatika, ambalo heshi yake imekuwa ya kwake peke yake. Lakini kama linadai kuwa kitu mashuhuri, VLC au WinRAR, kitu kilichopakuliwa na mamilioni ya watu, na hakuna daftari linalolijua, basi limekatika au linasema uongo. Umaarufu wa jina pamoja na ugeni wa heshi ni dalili mbaya zaidi kuliko injini mbili zinazolalamika.

Kabla ya kupandisha faili lisilojulikana, simama. Kinachopandishwa VirusTotal kinaweza kusomwa na wateja wake wa kulipia. Kisakinishi ni sawa. Karatasi ya Excel yenye majina ya wagonjwa, faili la akiba la hifadhidata ya zahanati, zipu yenye nakala za vitambulisho: kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, taasisi ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Heshi haina tatizo hilo. Hakuna anayeweza kuigeuza na kupata rekodi za wagonjwa zilizomo ndani.

Hospitali zinastahili neno zaidi. OpenMRS, mfumo wa wazi wa rekodi za wagonjwa ambao KenyaEMR imejengwa juu yake, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya mpango wa AMPATH, na leo KenyaEMR imeenea vituo vingi vya Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Mifumo hii ni ya Java: imeundwa na vifurushi vidogo vingi, mafaili ya jar na omod, kila kimoja na toleo lake. Baada ya miaka michache ya kusasishwa kwa mkono, nani anajua kwa hakika ni toleo gani liko kwenye seva ipi? Desemba 2021 dunia nzima ilijiuliza swali hilo. Kasoro iliyoitwa Log4Shell ilipatikana kwenye maktaba ya log4j-core, matoleo ya 2 hadi 2.14.1, na ghafla kila msimamizi wa programu ya Java alitakiwa kusema kama anayo. Kutafuta kwa jina hakukutosha, kwa kuwa jar huweza kuitwa chochote. Zikasambazwa orodha za heshi za matoleo yenye kasoro, na waliokuwa na heshi za seva zao walilinganisha na kumaliza. Hazina ya Maven Central nayo imekuwa ikiruhusu kutafuta jar kwa SHA-1: unaipa namba, inakutajia jina la kifurushi na toleo.

Lakini heshi hutazama faili zima tu. Jar iliyofungwa ndani ya jar nyingine, au faili lililozipwa upya kwa programu tofauti, lina heshi nyingine kabisa hata kama kilichomo hakikubadilika. Fungua zipu kwanza, kokotoa kilichomo, ndipo utafute. Hilo linahusu pia karatasi ya Excel ya kodi ya KRA, mamlaka ya mapato, ambayo saiba zetu hukimbizana nayo kila Juni 30 inapokaribia. Karatasi hiyo ina makro, na ikishajazwa taarifa za mteja mmoja heshi yake haisaidii tena. Msiisambaze kwa flashi kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine. Ipakueni mpya kwenye iTax, mkokotoe ikiwa tupu, na hiyo iwe ndiyo asili yenu.

Wanaoandika programu, wa Maseno na kwingineko, kwao mambo ni mepesi. PyPI huonyesha SHA-256 ya kila faili, pip hukubali sharti la --require-hashes, na package-lock.json ya npm huandika heshi bila kuombwa. Msiifute package-lock kila inapowakwaza. Na kwenye Ubuntu, apt hukagua heshi ya kila kifurushi dhidi ya orodha iliyotiwa sahihi. Anayeikwepa kwa kusakinisha deb kutoka kwenye flashi amekwepa pia ukaguzi huo, basi na aufanye kwa mkono.

Simu zina utata wake. APK zinazotembea kwa WhatsApp na Xender ndizo hatari zaidi ninazoziona kando ya ziwa, na zinazoongoza ni WhatsApp zisizo rasmi. Agosti 2021 Kaspersky walieleza kwamba toleo moja la FMWhatsApp lilibeba Triada, programu hasidi inayoweza kumsajili mtu huduma za kulipia bila yeye kujua. Oktoba 2022 wakaikuta tena kwenye YoWhatsApp. Kokotoa heshi ya APK kama ulivyofanya kwa faili jingine, na itafute. Ila usishangae APK uliyoitoa kwenye simu mbili ikiwa na heshi mbili: duka la Google siku hizi huipa kila simu vipande vinavyoifaa. Kwa APK, kinacholingana kwenye simu zote ni alama ya cheti cha mtengenezaji, ambayo nayo ni SHA-256, na tovuti ya APKMirror huionyesha pamoja na heshi ya faili. Cheti kisipolingana na cha programu halisi, aliyeijenga si mwenyewe.

Sasa lile folda ambalo hakuna anayependa lizungumziwe: Office ya bure na kifungulio chake. Desemba 2021 kampuni ya Red Canary ilionya kuhusu visakinishi vya KMSPico, kifungulio cha namna hiyo, vilivyobeba Cryptbot, mwizi wa nywila na pochi za kidijitali. Fundi ataniambia yake ni nzuri, ameitumia miaka. Amejuaje? Hakuna mwenye KMSPico anayechapisha heshi unayoweza kuiamini, na injini nyingi huilalamikia iwe na mwizi ndani au isiwe naye, kwa hiyo hata VirusTotal haiwezi kukutofautishia. Ni faili lisiloweza kutambuliwa kwa njia yoyote. Mbali na suala la sheria, hiyo pekee inatosha kuliondoa dukani na kumpa mteja LibreOffice.

Nisije nikaeleweka kwamba heshi inamaliza kila kitu. Kati ya Agosti 15 na Septemba 12, 2017, CCleaner 5.33, programu ambayo karibu kila fundi wetu aliisakinisha wakati huo, ilitolewa na kampuni yake ikiwa tayari imetiwa mlango wa nyuma ndani ya kiwanda. Kompyuta zipatazo milioni 2.27 ziliipokea. Heshi ilikubaliana, sahihi ilikuwa halali. Heshi ilisema kweli: hili ndilo faili la kampuni. Haikuulizwa kama kampuni yenyewe imevamiwa. Waliokuwa na orodha ya heshi za walichokuwa wakisakinisha ndio waliojua upesi, habari ilipotoka, nani wa kumfuata.

Kwa hiyo wekeni daftari lenu. Kwenye PowerShell, ukiwa ndani ya folda la programu, amri moja inatosha:

Get-ChildItem -Recurse -File | Get-FileHash | Export-Csv orodha.csv

Diski ikiwa kubwa, iache ikokotoe usiku. Ukifungua orodha hiyo kwa Excel na kuipanga kwa heshi, utagundua kwanza mafaili mangapi ni yaleyale yenye majina tofauti. Duka linaweza kurudishiwa nafasi kubwa kwa hilo tu. Ongeza safu tatu kwa mkono: jina halisi, mahali lilipotoka, tarehe uliyolitafuta. Nakala ya orodha isikae kwenye diski hiyohiyo. Itume kwenye barua pepe yako. Kila baada ya miezi mitatu hivi, tafuta upya yale unayoyatumia zaidi, kwa sababu jibu la Januari si lazima liwe jibu la Juni. Na mteja anapochukua kompyuta yake, andika kwenye risiti au daftari la kazi alama nane za mwanzo za kila ulichomsakinishia.

Alama hizo nane zitakufaa siku orodha itakapokuonyesha faili baya ambalo umekwisha kuliweka kwa watu. Siku hiyo usilifute kimyakimya na kuendelea na kazi. Wapigie uliowasakinishia, waambie wabadilishe nywila za barua pepe na benki kwa kutumia kifaa kingine, si kompyuta hiyo, kisha uwarudishie mashine ikiwa imesafishwa upya bila malipo. Kama ni ofisi au kituo cha afya, toa taarifa pia kwa KE-CIRT, kitengo cha taifa kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na uwape heshi: ndiyo itakayowawezesha kuwaonya wengine wenye faili hilohilo chini ya jina jingine.